Barua ya wazi kwa wakuu wa afya wa jiji: kisanduku cha "Nyingine" kimejaa

Kwa Mkurugenzi wa Afya wa Jiji,
na kwa wote mnaosimamia kampeni ya chanjo ya Uviko-19.

Novemba 2021

YAH: WATU WAZIMA WANAOSITA KUCHANJWA, NA SABABU AMBAZO HAMJAWAULIZA

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kwako na kwa wenzako wote. Najua mmekesha sana tangu janga hili litangazwe Machi 2020, na siandiki ili kuwadharau.

Mimi ni mwandikishaji katika kituo kimojawapo cha chanjo jijini. Sidungi sindano. Nakaa meza ya kwanza ukiingia mlangoni: nachukua jina, umri na namba ya simu, nampa mtu karatasi yake, namwonyesha benchi la kumsubiri muuguzi. Yule anayesimama akalitazama benchi, kisha akageuka na kuondoka, naye ni wangu pia, maana natakiwa kumjazia fomu. Barua hii inawahusu hao wanaogeuka.

Sikukimbilia hadharani. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliipitisha kwa msimamizi wangu kama taratibu zinavyotaka, akaniambia imefika. Ya tatu niliituma kwa barua pepe, nikajibiwa papo hapo na mashine kwamba maoni yangu ni muhimu sana kwenu. Wiki mbili baadaye tukaletewa bango jipya la kubandika ukutani, maandishi mekundu, likisema asiyechanjwa ni adui wa jirani yake. Nikalichukua hilo kuwa ndilo jibu.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya. Nimechanjwa dozi zote mbili, na kila siku nawahimiza watu wachanjwe. Korona imeshaniondolea mjomba, na wodi za wanaohangaika kupumua nimeziona kwa macho yangu. Lakini nami nilisita. Kwa wiki saba nilikaa hatua chache kutoka kwenye friji yenye chanjo, nikiandikisha wengine asubuhi hadi alasiri, bila kuchanjwa. Kwa wiki zote hizo hakuna kiongozi aliyeniuliza kwa nini. Nitalirudia jambo hilo hapo chini.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Fomu yenu haina mahali pa kuandikia ukweli

Fomu inaitwa "Aliyekataa Chanjo". Ina visanduku vitatu: Imani potofu. Uvumi wa mitandaoni. Nyingine. Baada ya hapo ni tarehe na sahihi yangu, basi.

Alikuja mama mwenye mtoto mgongoni. Alisema atachanjwa mumewe akirudi safari, kwa sababu akishikwa na homa usiku hana wa kumpokea mtoto. Nikaweka alama kwenye Nyingine. Akaja mzee aliyetaka kujua kama chanjo itagongana na dawa zake za presha. Muuguzi alikuwa na watu wengi, mzee akasubiri, akachoka, akaenda. Nyingine. Akaja kijana akiuliza leo ipo chanjo gani, akajibiwa "utapewa iliyopo", akacheka kidogo na kuondoka. Nyingine.

Mwisho wa mwezi fomu zinapanda kwenu, na muda si mrefu tunasikia redioni kwamba wananchi wamepotoshwa. Ninavyoelewa, hesabu hiyo inapatikana kwa kusoma visanduku viwili vya kwanza na kukiruka cha tatu, ambacho kwenye meza yangu ndicho kinachojaa.

Hata hilo jina la fomu lina kasoro. Wengi wa hao hawakukataa chochote. Mwaka 2014 wataalamu wa chanjo wanaolishauri Shirika la Afya Duniani walieleza kwamba kusita ni kuchelewa kukubali chanjo, au kuikataa, ingawa huduma ipo. Wakataja mambo matatu ya kuangalia: mtu anaiaminije chanjo na wanaoitoa, anauonaje ugonjwa kuwa hatari kwake, na anaipata kwa urahisi gani. Mwaka 2019, korona haijasikika, shirika hilo likaweka kusita huko kwenye orodha ya vitisho kumi vya afya duniani. Kwa hiyo fomu nzuri ingeweza kuandikwa kabla janga halijafika.

Kwa kukosa mahali pa kuandika, nilinunua daftari. Sasa nina mawili. Yanayofuata mengi yanatoka humo.

2. Kituo kimefunguliwa wakati watu wako kazini

Tunafungua saa tatu asubuhi na kufunga saa tisa alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Fundi wa ujenzi anayelipwa kwa siku, mfanyakazi wa ndani asiye na ruhusa ya kutoka, mshonaji anayelipwa kwa kila nguo: saa hizo kwao hazipo. Mlinzi wa usiku anazo, lakini ndizo anazolalia.

Hata hivyo saa ya sindano ndiyo sehemu ndogo ya tatizo. Watu wanaogopa kesho yake. Katika jaribio kubwa la chanjo ya Pfizer, kati ya watu 100 wa umri wa miaka 16 hadi 55, kama 16 walipata homa baada ya dozi ya pili, na waliolalamika uchovu na kichwa walikuwa wengi zaidi ya hao. Ni maudhi ya siku moja au mbili, na yanaonyesha mwili unajifunza. Kwa mwenye mshahara wa mwezi, hiyo ni siku ya kulala na kunywa maji mengi. Kwa kibarua ni siku bila malipo, na pengine asubuhi inayofuata anamkuta mtu mwingine kwenye nafasi yake. Kisha tunamwambia arudi wiki chache baadaye arudie bahati nasibu ileile.

Kibarua mmoja aliniambia, nami nikaliandika vilevile alivyolisema: "Korona huenda nisiipate. Homa ya chanjo nimeahidiwa."

Mheshimiwa, huyo ni mtu anayepiga hesabu. Hesabu yake ina kosa, kwa sababu anaupima ugonjwa kwa uzito mdogo kuliko ulio nao, na hapo ningetamani daktari akae naye. Lakini upande wa pili wa mizani, ule wa siku iliyopotea, yuko sahihi kabisa, na huo uko ndani ya uwezo wenu. Chanjo ya dozi moja ya Johnson & Johnson ilipoletwa, mafundi walikuja wakiwa na ndoo zao mkononi. Ikaisha. Wanaendelea kuniuliza itarudi lini, na sina la kuwaambia.

3. Tuliambiwa tusizungumzie madhara

Hapa ndipo nilipokwama mimi, na hapa nitakaa kidogo.

Machi 11, 2021 Denmark ilisimamisha chanjo ya AstraZeneca baada ya taarifa za damu kuganda. Siku nne baadaye Ujerumani, Ufaransa, Italia na Hispania zikafuata. Machi 18 Wakala wa Dawa wa Ulaya ukasema faida za chanjo ni kubwa kuliko hatari zake, na nchi nyingi zikaanza tena. Aprili 7 wakala huo ukarudi na kusema kwamba aina ya nadra ya kuganda kwa damu, inayoambatana na upungufu wa chembe sahani (chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda), iorodheshwe kama dhara la nadra mno la chanjo hiyo. Hadi Aprili 4 walikuwa wamepokea taarifa 222 kutoka nchi za Ulaya na Uingereza, ambako watu kama milioni 34 walikuwa wamechanjwa.

Hayo yote tuliyasoma kwenye simu, sisi na waliokuja kuchanjwa. Kutoka kwenu likaja agizo la mdomo: msilizungumzie hilo, mtawatisha. Basi mtu ananisogezea simu yake, habari imefunguliwa, anauliza "hii ikoje?", na mimi namjibu kama kasuku kwamba chanjo ni salama. Waliotoka pale hawakuwa na uvumi kichwani. Walikuwa na habari ya kweli, na mhudumu wa afya aliyejifanya haipo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulificha dhara moja dogo, likaumbua hata yale mengi tuliyosema kwa ukweli.

Ufaransa ina mfano ambao watu wetu waliupokea kama kichekesho. Februari mwaka huu walielekezwa kuwapa AstraZeneca walio chini ya miaka 65 tu. Machi 19 wakaelekezwa kuwapa wenye miaka 55 na kuendelea tu. Ukiyasikia hayo mawili bila maelezo, utasema wataalamu wanabahatisha. Maelezo yenyewe hayazidi dakika moja. Mwanzoni majaribio yalikuwa na wazee wachache, ikahofiwa kwamba haijathibitika kuwasaidia. Baadaye ushahidi ukaonyesha inawasaidia, na ile kuganda kwa damu ikaonekana zaidi kwa wenye umri mdogo. Takwimu zilibadilika, ushauri ukazifuata. Nani alikaa na watu akawaeleza hivyo?

Mimi nilielezwa na muuguzi mmoja wa zamu ya mchana, wakati wa chai, kinyume cha agizo. Alichukua nyuma ya ile fomu yenu akanichorea. Akasema: chukua watu laki moja waliochanjwa, dhara hili utalikuta kwa mmoja hivi. Korona nayo inagandisha damu, na kwa watu wengi zaidi ya hapo. Kisha akanitajia cha kuangalia katika wiki mbili tatu za mwanzo: kichwa kinachouma vibaya na kutotulia kwa dawa, kifua kuuma au pumzi kukatika, mguu kuvimba, tumbo lisiloacha kuuma, madoadoa ya damu chini ya ngozi. "Ukiona moja, usilale nalo, nenda hospitali useme umechanjwa lini." Hakunificha kitu wala hakunibembeleza. Ilichukua kama dakika kumi. Nilichanjwa siku hiyohiyo.

Wiki saba zilimalizwa na dakika kumi, Mheshimiwa. Ninawaza waliokwama kama mimi lakini hawana muuguzi wa kunywa naye chai.

Yapo mengine mawili ambayo mabango yenu yameyakwepa. Moja ni uvimbe wa misuli ya moyo baada ya chanjo za mRNA (zile kama ya Pfizer, zinazoupa mwili ujumbe wa maelekezo ya kujikinga), hasa kwa vijana wa kiume na hasa baada ya dozi ya pili. Marekani iliongeza onyo hilo kwenye maelezo ya chanjo Juni mwaka huu. Ni nadra, na wengi wanaopatwa nao hupona baada ya matibabu na kupumzika. Wazazi wa vijana wanalijua jambo hili kuliko mnavyodhani.

La pili ni hedhi. Wanawake wananong'ona mezani kwangu, wakiangalia nani anasikia: mzunguko umechelewa, damu imekuja nyingi, je, kizazi kimeguswa? Majaribio ya awali hayakupangwa kufuatilia hedhi, ndiyo maana swali lilipozuka hakuna aliyekuwa na jibu mkononi. Sasa kuna la kusema. Wengi wanaoona mabadiliko husema mambo yalirudi kawaida mzunguko uliofuata. Na ndani ya majaribio walikuwapo wanawake waliopata mimba bila kupanga, kwa kiwango kinachofanana katika kundi lililochanjwa na lile ambalo halikuchanjwa. Mwanamke aliyekuja kunong'ona anahitaji kuambiwa hayo kwa sauti ya kawaida, na mwanamke mwenzake ikiwezekana. Badala yake tuna karatasi yenye maneno "puuza uvumi kuhusu uzazi".

4. Swali la haraka linastahili jibu

"Chanjo nyingine zilichukua miaka kumi. Hii mwaka haujaisha, mmeshaipata?" Nimeulizwa na walimu, madereva, hata na muuza dawa. Mnaliita swali la wapinga chanjo. Mimi naliona ni swali la mtu mwenye akili timamu, na jibu lake ni zuri, ndiyo maana nashangaa mnavyolificha.

Mpangilio wa jeni za virusi ulichapishwa Januari 2020, na Uingereza ikaidhinisha chanjo ya Pfizer na BioNTech Desemba 2, 2020. Lakini kazi haikuanza Januari. Wanasayansi Katalin Karikó na Drew Weissman walichapisha mwaka 2005 namna ya kuibadili RNA, ule ujumbe wa maelekezo unaobebwa na chanjo hii, ili mwili usiishambulie mara tu inapoingia. Protini ile ya mwiba, ambayo virusi huitumia kuingilia kwenye seli, ilikuwa imechunguzwa tangu SARS ya 2003 na MERS ya 2012, magonjwa ya virusi vya jamii hiyohiyo ya korona. Kilichopunguzwa ni kungoja. Awamu za majaribio zilipandana badala ya kufuatana kwa mapumziko marefu, na serikali zililipia viwanda vianze kutengeneza kabla matokeo hayajatoka, zikikubali hasara iwapo yatakuwa mabaya. Waliojitolea kwenye jaribio la Pfizer walikuwa zaidi ya 43,000. Na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umezagaa kila mahali, haikuchukua miaka kuona nani anaugua na nani haugui.

Anayeogopa kubadilishiwa vinasaba naye jibu lake ni fupi: mRNA haiingii kwenye kiini cha seli, mahali vinasaba vilipo, na mwili huivunjavunja baada ya kazi.

Nimeyasema haya mezani kwangu kwa maneno yangu, nikiwa sijaajiriwa kuyasema, na nimeona nyuso zikilegea. Wengine waliondoka vilevile. Lakini waliondoka na jibu.

5. Kuna watu ambao kutoamini kwao kuna historia

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kule Tuskegee, Marekani, maofisa wa afya wa serikali waliwafuatilia wanaume weusi wenye kaswende kuanzia 1932 hadi 1972 bila kuwatibu, ingawa penisilini ilikuwa imekuwa tiba ya kawaida miaka ya 1940. Kano, Nigeria, mwaka 1996, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan kwa watoto wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo. Kesi zikafuata, na mwaka 2009 kampuni ikakubali kulipa fidia ya dola milioni 75. Mwaka 2003 Kano hiyohiyo ilipogomea chanjo ya polio, kumbukumbu hiyo ilikuwa mbichi. Na Pakistan, shirika la ujasusi la Marekani lilitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini kama kifuniko cha kumtafuta Osama bin Laden. Ni mwaka 2014 ndipo Ikulu ya Marekani ilipotamka kwamba shirika hilo halitatumia tena chanjo kwa kazi hizo.

Mtu akinitajia mojawapo ya haya, sina haki ya kumwita mjinga. Amesoma. Ninachoweza kumwambia ni kwamba safari hii chanjo ileile wamepewa marais, matajiri na wazee wa nchi zilizoitengeneza, na wao ndio waliotangulia foleni. Hilo lina uzito kuliko bango jekundu.

Tena msidhani makovu yote ni ya zamani. Julai mwaka huu, cheti cha chanjo cha Umoja wa Ulaya kilipoanza kutumika, AstraZeneca iliyotengenezwa India kwa jina la Covishield haikuwamo kwenye orodha ya wakala wao wa dawa, ingawa fomula ni ileile. Nieleze vipi mlangoni kwamba chanjo ni sawa kwa wote?

6. Mliahidi kupita kiasi

Bango la kwanza kabisa, lile la bluu, lilisema "Chanjwa, usiugue". Ikaja Delta, aina ya virusi vya korona inayoambukiza kwa kasi zaidi, na waliochanjwa wakaanza kuambukizwa. Habari ya Provincetown, Massachusetts, ilizunguka sana kwenye simu: Julai, watu 469 waliambukizwa, na kama robo tatu yao walikuwa wamekamilisha chanjo. Iliyobaki ya habari hiyo haikuzunguka. Waliolazwa walikuwa 5, na hadi taarifa inatolewa hakuna aliyekuwa amefariki. Tena mahali ambapo karibu kila mtu amechanjwa, wengi wa watakaoambukizwa watakuwa waliochanjwa, kama vile uwanjani kukiwa na wengi waliovaa viatu, wengi wa watakaoteleza watakuwa na viatu.

Kama tungesema tangu siku ya kwanza kwamba chanjo hupunguza sana ugonjwa mkali na kifo, na kwamba maambukizi inayapunguza bila kuyamaliza, Delta isingetufanya waongo. Tulishawahi kuteleza hivyo. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwa herufi kubwa kwamba virusi hivi havisambai kwa hewa, na ushauri wa barakoa kwa watu wote ukaja Juni. Kubadili ushauri si aibu. Tatizo ni kuutoa mara ya kwanza kana kwamba hauwezi kubadilika.

7. Kitambulisho

Mnataka kitambulisho. Asiye nacho anarudi. Mwenye nacho, lakini akiwa na deni, kesi au kibali kilichoisha, anauliza orodha inakwenda wapi. Sijui nimjibu nini, kwa sababu nami sijaambiwa.

8. Na wapo wanaoogopa sindano tu

Watu wazima, wanaume wenye ndevu. Hawatawaambia hivyo, watasema wana haraka. Pazia moja na kiti cha kulala vingetosha kwa wengi wao. Hata hili nililiandika kwenye barua ya pili.

Najua mtakavyojibu

Mtasema chanzo ni uongo wa mitandaoni. Upo. Nimeletewa video za sumaku zinazonata mkononi na sauti za watu wasiojulikana wanaotabiri vifo baada ya miaka miwili. Lakini kwenye madaftari yangu hao ni wachache, na wengi wao, ukiwauliza mara mbili, chini ya ile video kuna jambo jingine: ndugu aliyetibiwa vibaya, kazi isiyo na likizo, swali lililojibiwa kwa karipio.

Mtasema kutaja madhara ya nadra kutawatisha. Wameshatishwa tayari, na simu zao. Kilichobaki ni kama watatusikia na sisi.

Mtasema hakuna fedha wala watumishi. Hapo nitawaamini nusu. Tumepokea mabango ya aina tatu ndani ya miezi sita.

Mtasema watu wanakufa, hakuna muda wa mazungumzo. Mjomba wangu naye alisema atachanjwa akipata mtu wa kumweleza kuhusu kisukari chake. Nilimwambia asubiri niulize. Tulikuwa katika zile wiki zangu saba.

Ninachoomba

Fomu ibadilishwe: ondoeni visanduku, wekeni mistari mitatu mitupu, na awepo mtu ofisini kwenu wa kuisoma kila wiki. Jina liwe "Anayesita".

Vituo vifunguliwe jioni angalau mara mbili kwa wiki, na Jumapili. Waajiri waitwe mezani wakubali kwa maandishi kwamba siku ya sindano na siku inayofuata hazikatwi. Kwa vibarua wasio na mwajiri mmoja, timu ziwafuate wanakokusanyika, ikiwezekana siku moja kabla ya mapumziko yao. Hili ndilo ningelitanguliza kama ningepewa moja tu.

Kila anayechanjwa apewe karatasi moja ya madhara kwa lugha ya kawaida, ya mara kwa mara na ya nadra, pamoja na dalili za hatari na namba ya simu inayopokelewa usiku. Zile dakika 15 tunazowakalisha baada ya sindano, wakisubiri kuonekana kama wana mzio, zinatosha kuisoma na kuuliza.

Kila kituo kiwe na mtu mmoja, muuguzi au tabibu, ambaye kazi yake siku nzima ni kujibu maswali. Akae kando ya foleni, asidunge mtu.

Tupewe tamko la maandishi kwamba majina hayatapelekwa kokote nje ya idara ya afya, na kitambulisho kisiwe sharti.

Bango jekundu liondolewe. La kituo chetu limeshaondolewa, na aliyeliondoa ni mimi.

Naomba jibu ndani ya siku 21, muda uleule tunaowapa watu kati ya dozi ya kwanza na ya pili ya Pfizer. Nao wengi wao hurudi kwa wakati. Madaftari mawili yako kwenye droo ya meza yangu, nimeshafuta majina na namba za simu. Mnaweza kumtuma mtu ayachukue siku yoyote. Awahi tu, tunafunga saa tisa.

Wako katika kazi,

Mwandikishaji, meza ya kwanza

(Jina langu mnalo kwenye zile barua tatu.)